Mikono Juu ya Mtoto Mchanga

Mwaka 2014 binti yangu alikuja kujifungulia nyumbani kwetu Iramba, kama wengi wafanyavyo kwa uzazi wa kwanza. Mjukuu alipotimiza wiki tano akaanza kulia. Alilia tangu jua linapozama hadi usiku wa manane, miguu kaikunja tumboni, uso umemwiva, hataki titi wala kubebwa mgongoni. Jioni ya nne wanawake wa jirani walikusanyika uani, wakashauriana, na shauri lao likawa moja: aitwe mama mchuaji, amnyooshe mtoto, arudishe mahali palipoteguka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, uzito wake ameuegemeza mguu wa kulia kama anavyosimama siku zote. Hakuwajibu wale mama. Alinigeukia mimi akaniuliza, "Baba, wewe unasemaje?"

Swali lilikuwa fupi, lakini nililisikia kama swali lililochelewa miaka ishirini na sita. Maana mguu wa kushoto wa binti yangu ni mfupi kuliko wa kulia, na ufupi huo ulianzia mikononi mwa watu waliompenda. Mmoja wao ni mimi. Nataka niieleze habari hiyo bila kuficha, kisha tujiulize pamoja, msomaji na mimi: mtu mzima ana haki gani juu ya mwili wa mtoto asiyeweza kusema "niache"?

Habari yenyewe haianzi kwa binti huyo, bali kwa kaka yake. Yeye ndiye kifungua mimba wetu, alizaliwa mwaka 1985, nami wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Naye alilia kama huyu mjukuu. Mama yangu mzazi akamwita bibi mmoja wa kijiji cha pili, mwanamke mpole mwenye mikono mikubwa yenye joto, aliyejulikana tarafa nzima kwa kuchua wazazi na watoto. Bibi yule alimlaza mtoto juu ya mapaja yake, akampaka mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto, akamchua mgongo na tumbo taratibu mpaka mtoto akalegea. Hapo kazi ingeweza kuishia. Lakini akaendelea. Akaivuta mikono na kuipishanisha kifuani, akamshika miguu yote miwili akamning'iniza kichwa chini, akamtikisa kidogo, kisha akageuza shingo kulia na kushoto mpaka tukasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. "Tayari," akasema. "Kilikuwa kimekaa vibaya."

Alirudi mara tatu kwa wiki mbili. Kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu kilio kilikuwa kimekwisha. Tulimpa bibi kuku jike na khanga, naye alipokea kuku akarudisha khanga, akisema mtoto wetu ni mtoto wake. Nikamwamini toka siku hiyo. Hata mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa watu kwamba jogoo akiwika na jua likachomoza, haimaanishi kwamba jogoo ndiye aliyelileta jua, nilimwamini.

Binti alizaliwa mwaka 1988. Alipokuwa na wiki saba akaanza kulia, lakini kilio chake hakikuwa kama cha kaka yake. Alilia mchana na usiku, na zaidi alipobadilishwa nepi. Mwili ulikuwa wa moto. Mguu wa kushoto alikuwa hausogezi, ameulaza tu pembeni kama kitu kisicho chake. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo kwanza. Akasema, "Twende hospitali." Mama yangu akasema mguu umeteguka, aitwe bibi. Wote wawili wakanitazama. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, mwezi ulikuwa katikati na mfukoni sikuwa na kitu, na bibi alikuwa amemponya wa kwanza. Nikasema, "Aitwe bibi."

Alimchua siku nne. Alimvuta mguu, akauzungusha nyongani, akaukanda kwa maji ya moto. Kila alipouvuta mtoto alipiga ukelele ambao mpaka leo, nikiwa peke yangu, huusikia. Tulijifariji kwa kuambiana kwamba dawa ni chungu. Siku ya tano paja lilikuwa limevimba na kung'aa, na mtoto alikuwa hana tena nguvu ya kulia. Tulimpeleka kwa baiskeli mpaka barabarani, na kutoka hapo kwa lori lililokuwa limepakia magunia ya alizeti. Hospitali hawakuuliza maswali mengi. Kulikuwa na usaha ndani ya kiungo cha nyonga. Walimpasua, wakautoa, wakamchoma sindano wiki nyingi. Akapona. Lakini usaha katika nyonga ya mtoto mchanga ni kama moto katika ghala la pamba, hauhitaji siku nyingi. Ulikuwa umekwisha kula gegedu na sehemu laini ambayo mfupa hukulia. Mguu ukabaki nyuma, na binti yangu huongezwa soli katika kiatu kimoja mpaka leo.

Kwa muda mrefu nilidhani habari hii ni ya vijijini kwetu tu, ya watu walio mbali na hospitali. Baadaye nikasoma na kugundua kwamba sivyo. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, mtu aitwaye Daniel David Palmer alimbonyeza mgongo mhudumu mmoja wa jengo, Harvey Lillard, aliyekuwa na tatizo la kusikia, akatangaza kwamba masikio yake yamefunguka. Kutokana na hapo aliasisi tiba ya kairopraktiki, akifundisha kwamba magonjwa karibu yote hutokana na pingili za uti wa mgongo kukaa vibaya, na kwamba mkono wenye ujuzi unaweza kuzirudisha. "Kilikuwa kimekaa vibaya." Bibi yetu hakuwahi kusikia jina la Palmer, lakini walisema neno lile lile.

Leo tiba hiyo ina vyuo na leseni katika nchi nyingi, na watu wazima wenye maumivu ya mgongo huitumia, baadhi yao kwa nafuu. Lakini wapo wanaopeleka watoto wachanga pia, hasa kwa ajili ya kilio cha jioni na msokoto wa tumbo. Katika jimbo la Victoria, Australia, ilisambaa picha ya video iliyorekodiwa mwaka 2018, ikimwonyesha tabibu wa namna hiyo akimning'iniza mtoto wa wiki mbili kwa vifundo vya miguu, kichwa chini. Nilipoisoma habari hiyo niliweka karatasi chini. Yule bibi wangu wa Iramba na tabibu mwenye koti la kazi katika mji mkubwa wa Australia walikuwa wamemshika mtoto kwa namna moja.

Serikali ya jimbo hilo iliagiza uchunguzi, na Machi 2019 bodi inayosimamia taaluma hiyo nchini humo ikawazuia wanachama wake kuzinyoosha kwa nguvu pingili za watoto walio chini ya miaka miwili. Mwishoni mwa 2023 zuio lililegezwa, na mwaka 2024, baada ya mawaziri wa afya kupinga, likarejeshwa. Lakini lililonigusa zaidi ni matokeo ya uchunguzi wenyewe. Wachunguzi hawakukuta ushahidi mwingi wa watoto walioumizwa. Hawakukuta pia ushahidi wa kuaminika kwamba watoto walisaidiwa. Walichokikuta kwa wingi ni wazazi wenye shukrani. Maelfu kwa maelfu waliandika, na karibu wote wakasifu.

Hapa ndipo fikra zangu zimesimama kwa miaka mingi. Shukrani ya mzazi ni ushahidi wa nini?

Kilio cha jioni cha mtoto mchanga huanza akiwa na wiki mbili hivi, hupanda mpaka karibu na wiki ya sita, kisha hushuka, na kwa wengi hukoma kabla ya mwezi wa nne. Hukoma kwa mtoto aliyechuliwa na kwa asiyechuliwa, kwa Mnyiramba na kwa Mzungu. Wazazi huvumilia wiki ya kwanza, huvumilia ya pili, na huenda kumtafuta mganga pale kilio kinapofika kileleni, yaani pale pale ambapo kingeanza kushuka chenyewe. Basi yeyote watakayemwendea wiki hiyo, awe mchuaji, mwenye hirizi, mwenye mizizi au mwenye leseni, ataonekana ameponya. Mtoto hupona mwenyewe, na mkono uliokuwa juu yake hupokea shukrani.

Wataalamu fulani huko Bergen, Norway, walilipima jambo hili kwa njia ya busara, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001. Walichukua watoto 86 wenye kilio cha namna hiyo. Wengine walinyooshwa mgongo na tabibu wa kairopraktiki, wengine walipakatwa tu na muuguzi kwa dakika kumi, na wazazi hawakuambiwa nani kapata lipi. Kati ya 46 walionyooshwa, 32 walipata nafuu. Kati ya 40 waliopakatwa, 24 walipata nafuu. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitwa dawa. Kupakatwa tu! Ni jambo ambalo bibi yeyote hulifanya bure, na halimhatarishi mtu.

Sisemi kwamba mikono ya bibi zetu haina maana. La hasha. Mkono wa joto, mafuta na sauti ya taratibu humtuliza mtoto, na humtuliza mama ambaye hajalala siku tatu. Hata mafuta yetu ya alizeti, ambayo mkoa wa Singida unasifika kwayo, yana heshima yake: mwaka 2005 utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya watoto huko Dhaka, Bangladesh, ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta hayo walipata maambukizo machache kuliko wasiopakwa. Basi tutenganishe mambo mawili. Kuna mkono unaopapasa na kuna mkono unaolazimisha. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kukibeba, na uti wake wa mgongo bado una gegedu nyingi. Mkono unaopapasa ukikosea, mtoto hapotezi kitu. Mkono unaolazimisha ukikosea, anayelipa ni mtoto.

Na kuna kosa la tatu, ambalo ndilo langu. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada walikusanya taarifa zilizoandikwa duniani za watoto waliopatwa na madhara baada ya kunyooshwa uti wa mgongo. Waliyoyakuta hayakuwa mengi: watoto 14 waliodhurika moja kwa moja, tisa kati yao vibaya sana, ikiwa ni pamoja na kuvuja damu kichwani na kupooza. Lakini walikuta wengine 20 ambao kisa chao kilikuwa cha namna nyingine. Hao walikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, kisukari, saratani, homa ya uti wa mgongo, na wakati wakinyooshwa ugonjwa ule uliendelea kula. Nilipoisoma hesabu hiyo niliona kwamba binti yangu ana wenzake. Mikono ya bibi haikuutia usaha katika nyonga yake. Ilichukua siku nne tu. Siku hizo nne ndizo mguu wake.

Kwa hiyo nimefikia kusema jambo ambalo linaweza kuonekana la ajabu: kosa langu halikuanza mwaka 1988, lilianza mwaka 1985, siku tuliyofanikiwa. Laiti mtoto wa kwanza angeendelea kulia, ningejifunza kuuliza. Alipopona, nikafunga mlango wa kuuliza, na mlango huo ulikuwa bado umefungwa binti yangu alipoubisha. Kushindwa humfundisha mtu hadhari, lakini mafanikio asiyoyachunguza humpa ujasiri asiostahili kuwa nao.

Mtu mzima akienda kunyooshwa mgongo, akaumia, tutamhurumia, lakini mwili ni wake na ridhaa ilikuwa yake. Akisikia maumivu anaweza kusema "basi". Mtoto mchanga ana neno moja tu, kilio, na sisi tumekwisha kulitafsiri kabla hajalisema. Akilia kabla ya kuchuliwa, tunasema anaumwa. Akilia anapochuliwa, tunasema dawa inaingia. Akinyamaza kwa kuchoka, tunasema amepona. Tumemnyang'anya hata lile neno moja. Wazee wetu walisema mtoto ni amana. Mwenye kuweka amana ya mtu haruhusiwi kuicheza kamari, hata kama yeye mwenyewe ni mcheza kamari hodari na mwenye bahati. Fedha yako waweza kuihatarisha, lakini ya amana huna ruhusa.

Mkoani kwetu tunajua jinsi neno "tiba" linavyoweza kufungua mlango wowote. Tumeona watoto wakikatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, wakivuja damu na kupata maambukizo. Tumeona vifizi vya watoto wenye homa na kuharisha vikichimbwa ili kutoa yale yaliyoitwa meno ya plastiki, ambayo hayakuwa kitu ila meno yao halisi yaliyokuwa bado hayajachomoza. Na tunaijua lawalawa. Ni maambukizo sehemu za siri na njia ya mkojo ya mtoto, yanayotibika kwa dawa za kawaida za kituo cha afya, lakini hapa Singida na Dodoma yakafanywa kuwa sababu ya kumkeketa mtoto wa kike. Sheria ya mwaka 1998 ilipopiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, wapo waliouhamishia kwa watoto wachanga kabisa, kwa siri, kwa jina la tiba. Mtoto wa miezi michache hawezi kukimbia wala kumwambia mwalimu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015–16 zilionyesha kwamba wanawake 31 katika kila 100 wa mkoa wetu, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Sisemi kwamba bibi mchuaji ni sawa na ngariba. Nasema tu kwamba wote wawili huingia kwa kupitia mlango ule ule, nao ni mlango unaolindwa na mzazi.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, mzazi maskini afanye nini? Hospitali iko mbali, bibi yuko karibu. Hospitalini huenda ukapangiwa foleni na kuambiwa dawa hakuna, kumbe bibi atakukaribisha, atakusikiliza, atakufuta machozi. Hoja hii ni ya kweli na siidharau. Watu hawawaendei wachuaji kwa ujinga, huwaendea kwa sababu huko hupokelewa kama watu. Ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 2002 haikuifuta tiba asili na tiba mbadala, bali iliiundia baraza la kuisajili na kuisimamia. Lakini cheti ukutani hakiwezi kuuliza maswali badala ya mzazi. Hata huko Australia wenye leseni ndio waliowaning'iniza watoto.

Basi mzazi naye ana maswali yake. Tusipofanya lolote, mtoto huyu atakuwaje? Tukifanya hili na likaenda vibaya, nani ataishi na matokeo yake? Na tukiwa hapa, kuna mahali pengine tunapochelewa kufika? Kama mwaka 1988 ningejiuliza hilo la mwisho peke yake, mke wangu angeshinda shauri lile, na mimi ningekuwa na deni la nauli badala ya deni hili.

Bibi yule alifariki mwaka 1996. Alikuwa amekuja kumtazama binti yangu mara nyingi, akimletea karanga, naye hakuwahi kujua, au hakuwahi kusema kama alijua. Sikumwambia. Nilijiambia kuwa ni heshima. Sasa naona kwamba ilikuwa woga, na kwamba kwa kunyamaza kwangu huenda watoto wengine walivutwa nyonga zilizokuwa na usaha. Heshima kwa mzee haikunidai uongo. Ningeweza kumwambia kwa upole, "Bibi, mtoto akiwa na homa, au asiposogeza kiungo, usimguse, tuambie tumpeleke." Alikuwa mtu mwema. Naamini angenisikia.

Jioni ile ya mwaka 2014 binti yangu alikuwa bado anangoja mlangoni. Nikamuuliza kama mtoto ana homa. Hana. Ananyonya? Ananyonya asubuhi vizuri. Anasogeza miguu yote? Akamfunua, tukaitazama pamoja ile miguu miwili midogo ikipiga teke sawasawa, na kwa muda hatukusema kitu. Kisha nikawaambia wale mama, kwa adabu zote, kwamba mama mchuaji hataitwa kunyoosha. Bibi yake atampaka mafuta na kumpakata, kesho asubuhi tutampeleka zahanati atazamwe, na tukiambiwa ni mzima tutavumilia.

Mmoja wao alisema kwamba nimekuwa mgumu uzeeni. Binti yangu akasema, "Mwacheni baba." Akanikabidhi mtoto, akaenda kulala. Mjukuu alilia mikononi mwangu mpaka karibu saa saba za usiku, nami nikatembea naye uani, nisijue la kumfanyia zaidi ya kumshika. Alilia jioni nyingi baada ya hapo. Alipokaribia miezi minne akaacha.

Hakuna aliyepewa kuku.